Matone Kumi na Moja ya Limau

Jumatatu, 12 Oktoba 1953

Kwako Luciana,

Leo tumeanza kemia. Chumba ni kile kilichokuwa ghala la mtama la misheni, na panya bado wanadhani ni chao. Kuna mizani ya sahani mbili, kipimajoto kimoja, na tyubu za kioo ishirini na tatu. Ya ishirini na nne niliivunja mimi, saa tatu na robo. Halafu kuna kisanduku cha bati chenye karatasi kumi na mbili nyembamba za buluu. Zinaitwa litmasi. Ukizigusisha kitu kichachu zinakuwa nyekundu. Ukizigusisha magadi zinarudi buluu.

Nikauliza zinajuaje. Mwalimu Bonaventura akasema hilo ni swali zuri. Nikauliza kama tunaweza kumwaga zebaki ya kipimajoto tuione vizuri. Akasema hilo si zuri.

Kisha akatangaza. Alhamisi kila mmoja ataonyesha jaribio lake. Atakayeshinda atakuwa mtunza vyombo, na mtunza vyombo ndiye atakayeandikiwa barua ya kwenda kusoma zaidi Dar es Salaam. Sisi wengine, wasaidizi wa zahanati, tutarudi kufunga vidonda vijijini. Darasa zima likamtazama Fabiano, anayeongoza kila mtihani. Fabiano akaitazama kalamu yake ya wino.

Lakini nina kitu asichokuwa nacho. Ile chupa yako ya dawa ya kikohozi. Ndani yake yamo magadi uliyochuja wiki moja kabla ya homa. Nimesafiri nayo kutoka Sepuka ndani ya soksi.

Nakumbuka ulivyokuwa unachuja. Majivu ya mabua kwenye chungu kilichotobolewa, maji juu, tone moja moja chini. Unaonja kwa ncha ya ulimi. Bado. Bado. Sasa. Nikikuuliza umejuaje, unasema ulimi unajua, na kwamba niende nikawaulize wenye vitabu, nikuache upike mlenda.

Basi nimekuja kuwauliza. Alhamisi nitapima magadi yako mbele ya watu, nijue ulimi wako ulikuwa unajua nini. Na barua nitaichukua.

Jumanne, 13 Oktoba

Mpango! Siwezi kugusa chupa yako kabla ya siku yenyewe, ni robo chupa tu. Lakini lazima nifanye mazoezi. Kwa mazoezi nahitaji karatasi moja. Kisanduku kina kufuli, na ufunguo wiki hii anao Fabiano.

Nikajitolea kufagia chumba. Fabiano akataka kujua tangu lini watu wa Sepuka wamependa ufagio. Nikatabasamu kwa unyenyekevu. Akatoka kusuuza tyubu, akaacha kisanduku wazi.

Nilikusudia karatasi moja. Zilikuwa zimeshikana. Nikavuta, zikaja zote. Mara viatu vya Fabiano mlangoni! Nikazisukuma mfukoni. Akafunga kisanduku bila kutazama ndani, akajipongeza kwa kuwa mwangalifu.

Mchana Raheli, mpishi wetu, alinipa bonge la ukwaju kwa sababu nililalamika tumbo. Nikautia mfuko uleule, wa kushoto wa shati. Huo ndio mfuko ninaouamini. Ulinishonea wewe. Kisha tukapelekwa kulima shamba la shule mpaka jioni, jua kali, jasho mpaka kiunoni.

Jumatano, 14 Oktoba

Mungu wangu. Nyekundu. Zote kumi na mbili! Ukwaju na jasho vimefanya jaribio bila mimi.

Fabiano amefungua kisanduku asubuhi. Akakikuta kitupu, akakipindua juu chini. Kati ya watu wote akaja kunieleza mimi. Alisema amekwisha. Alisema baba yake kule Iguguno ameshawaambia watu kanisani kwamba mwanawe atavaa koti jeupe, na fundi ameshalishona, linaning'inia ukutani linamsubiri. Sasa atasema nini? Kwamba karatasi zimepotea mikononi mwake?

Nikamwambia labda panya. Akaamini. Akatega mtego, ukamnasa kidole gumba. Nikamfunga bandeji. Niliifunga vizuri sana, Luciana. Mtu akiwa na aibu hufunga bandeji vizuri sana.

Kuzirudisha zikiwa nyekundu haiwezekani, kila mtu atauliza. Zinahitaji magadi. Nikakimbilia jikoni. Raheli akasema magadi yameisha, yanaletwa kesho. Halafu akanitazama juu mpaka chini, akasema mwanamume akianza kutafuta magadi mwenyewe, baba, aoe. Hajui habari zako. Nikasema asante, shangazi, nikatoka.

Basi ikabaki chupa yako.

Wenzangu walipokuwa wanakula nilikaa nayo nyuma ya jiko. Nikiyamwaga, sitakuwa na kitu cha kupima kesho, na sitajua tena. Nisipoyamwaga, lile koti litabaki ukutani. Nilijaribu kumchukia Fabiano ili kazi iwe rahisi. Nikakumbuka kidole chake.

Nikamimina kwenye kisahani. Karatasi zikageuka buluu mara moja, kama hazijawahi kukosa. Nikaziloweka mara ya pili, kwa uhakika. Nikazianika juu ya jiwe lenye moto wa jua, zikakauka na chumvi ya magadi juu yake. Tone la mwisho nikaliweka ulimini. Liliuma. Nikasema, sasa.

Nikamwambia Fabiano zilianguka nyuma ya mizani. Alinikumbatia, bandeji na yote, akaniita ndugu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Fabiano alianza. Limau juu ya karatasi ya buluu, itakuwa nyekundu, tazameni. Akadondosha tone. Buluu. Tone la pili. Buluu. Nyuma mtu akasema malimau ya Iguguno ni matamu kama asali, yaletwe zaidi. Mwalimu akalilamba limau lenyewe, akafumba jicho moja. Lilikuwa chachu.

Fabiano akanitazama. Hakunishuku. Alikuwa anaomba msaada, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikasimama. Nikasema yote: ufagio, mfuko, ukwaju, chupa. Nikasema kosa ni langu, si la panya. Walicheka mpaka meza ya mizani ikatetemeka. Mwalimu Bonaventura hakucheka. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama ndivyo, mbona karatasi imekataa limau?

Nikafikiri. Nikasema nadhani magadi yaliyokaukia ndani yanapigana na limau, na karatasi haiwezi kugeuka mpaka magadi yote yaishe.

Akasema, haya, tuhesabu.

Tukahesabu darasa zima, kwa sauti, kama watoto. Tano. Sita. Tisa. Kumi. Kwenye tone la kumi na moja ikawa nyekundu. Mwalimu akaosha karatasi nyingine kwa maji safi, akailoweka kwenye magadi mapya ya Raheli, akaikausha juu ya taa ya spiriti. Hiyo ilishindwa kwenye tone la tano.

Akauliza nani alichuja yale ya kwanza. Nikasema Luciana, mke wangu, marehemu. Akauliza alipima kwa chombo gani. Nikasema kwa ulimi.

Kicheko kikaisha. Akaandika ubaoni: Raheli 5. Luciana 11. Raheli mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Akasema kwa sauti ndogo kwamba huyo dada alikuwa na ulimi, na kwamba nimsamehe ya jana.

Jina lako lilikaa ubaoni mpaka jioni, Luciana. Aliyekuwa na zamu ya kufuta alifuta pande zote, akalizunguka.

Fabiano ndiye mtunza vyombo, kwani jaribio lilikuwa lake. Barua ataandikiwa yeye, na koti litavaliwa. Mimi nimekatazwa kugusa chombo chochote mwezi mzima, isipokuwa ufagio. Si vibaya. Nimepata namba yangu.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nimetoboa chungu kikuukuu cha Raheli. Nimechoma mabua, nimechuja mwenyewe tangu alfajiri. Naonja: bado. Naonja: bado. Sijui lini niseme sasa. Ulimi wangu umechubuka, na leo nimekunywa uji kwa machozi.

Bila kupima nitajuaje kama nimefika kumi na moja? Na bomani wameleta kisanduku kipya cha karatasi. Fabiano ni mkali siku hizi, anahesabu asubuhi na jioni. Lakini ananiita ndugu, na ananiacha nifagie, na alitoka kidogo kusuuza tyubu.

Nilikusudia karatasi moja. Hizi mpya nazo zinashikana.

Zimo salama, mfuko wa kushoto. Nimezifunika kwa bonge la ukwaju ambalo Raheli amenipa kwa ajili ya ulimi, zisionekane. Sasa kengele imelia, tunaitwa shambani. Jua ni kali.

Mwenzangu, huko uliko, unikumbuke.

Alute