Hisa Sitini za Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimegundua siri ya matajiri! Mshahara hukatwa kodi kubwa kabla hata sijaushika. Gawio la mwenye hisa hukatwa kidogo. Na kampuni ni yangu! Ya makochi, watu wawili: mimi napiga misumari, mke wangu anashona vitambaa. Kuanzia leo mshahara wangu ni sifuri. Nitakula gawio. Kodi nitakayookoa itanunua cherehani ya umeme. Miguu yake imevimba kwa kukanyaga ile ya zamani, naye anasingizia viatu. Sijamwambia. Nataka ashtukie tu imeletwa.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye anayetuwekea hesabu. Kacheka mpaka kavua miwani. Kasema gawio hutoka kwenye faida, na faida hukatwa kodi ya kampuni kwanza. Mshahara hutolewa kabla ya faida kupigiwa hesabu. Ati nimeruka majivu nikakanyaga moto. Nikamuuliza nani kamwomba methali. Wivu tu!

Alhamisi, 6 Machi
Dawa nimeipata. Anayepata kidogo hukatwa kidogo, na mke wangu hupata kidogo kuliko mimi. Basi hisa sitini kwake, arobaini kwangu! Nikampa karatasi aweke saini. Akauliza za nini. Nikasema mambo ya ofisi tu. Akasoma zote, hadi maandishi ya chini kabisa. Akasaini huku anatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kaitisha mkutano wa wanahisa! Jikoni, kwa chai, shemeji katibu. Ajenda moja: mshahara wangu. Kasema bila mshahara hakuna mchango wa pensheni wala bima ya matibabu, na mgongo wangu huu utatibiwa na nani? Kumbe anajua kwamba najifungia bafuni kuvaa mkanda wa mgongo. Miezi yote hiyo nilijiona mjanja.

Kura: sitini kwa arobaini. Mshahara umerudi. Nikafoka, na katika kufoka nikaropoka habari ya cherehani. Shemeji akafuta macho, akasingizia mvuke wa chai. Mke wangu akanishika mkono, akasema, baba wee, cherehani itakuja, mimi nataka tuzeeke wote. Nampenda mno mwanamke huyu. Nikaomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Shemeji akakataa, eti halikuwa kwenye ajenda.

Jumapili, 9 Machi
Nimekoma. Ujanja basi. Sina tena siri na mke wangu.

Isipokuwa visenti vyangu vya benki, ninavyodunduliza kimyakimya. Leo nimeona riba yake nayo inakatwa kodi! Ingekuwa ya mke wangu, wangekata kiduchu. Kesho naihamishia akiba yote kwa jina lake. Yeye kazi yake ni kuweka saini tu. Safari hii hatajua kitu.