Kibandiko cha Licen Nilda

Jumatatu, 5 Februari
Tangazo ubaoni. Ijumaa kompyuta zote za Kitivo cha Kilimo zinakaguliwa, za ofisini na zetu binafsi. Atakayekutwa na programu isiyo na leseni asahau ukuu wa maabara ya takwimu. Ukuu huo ni wangu! Nimeungoja miaka sita. Mshindani ni mmoja tu, Licen Nilda Quisbert (yeye huitwa Licen kwa shahada yake, mimi Inge kwa uhandisi wangu), na kwa bahati mbaya tunatumia ofisi moja.

Programu yangu ya takwimu niliinunua sokoni, nakala ya wizi, kwa Doña Vicenta. Nilda kaniambia iko nyingine ya bure, halali kabisa, "dakika ishirini tu, Inge, unapakua huku unakunywa chai." Cha bure! Mimi, mhandisi mzima wa viazi! Nimemjibu kwamba nina hadhi yangu.

Laptopu yangu nimeripoti kuwa imeibiwa. Si uongo sana. Vilivyomo vyote ni vya wizi, mpaka kinga ya virusi.

Jumanne, 6 Februari
Nimeificha programu iliyo kwenye kompyuta yangu ya ofisini. Jina nimebadilisha, alama yake nimeweka picha ya kiazi, nikaitupia kwenye folda ya picha za viazi. Mchana nikaihitaji. Nina picha elfu nne za viazi. Nimebofya kama mia tatu, mkono ukafa ganzi. Nilda akauliza kama kuna ndugu namtafuta humo.

Jumatano, 7 Februari
Mpango mpya. Kompyuta zetu zinafanana kama mayai, tofauti ni kibandiko cha namba tu. Saa nne Nilda alipotoka kwenda kula salteña, nikavibandua vyote viwili na kuvibadilisha. Sasa mashine yangu, kwa karatasi, ni ya Nilda. Kimoja kimekaa upande kidogo. Nani ataangalia?

Alhamisi, 8 Februari
Kosa! Mashine yangu ikiwashwa tu, natokea mimi nimekumbatia kiazi kilichoshinda maonyesho. Kuiondoa hiyo picha siwezi, mfumo mzima wa kompyuta nao ni nakala ya Doña Vicenta, menyu zote za Kirusi. Basi isiwake kabisa. Kesho ni ch'alla ya Kanivali, vifaa vyote vinabarikiwa kwa kinywaji.

Ijumaa, 9 Februari
Ch'alla ya ofisi. Tepe za karatasi kila meza, na kila mtu ananyunyizia vitu vyake kinywaji kwa ajili ya Pachamama, Mama Dunia. Matone matatu yanatosha. Mimi nikamimina nusu chupa ya singani, pombe kali ya zabibu, kwenye matundu ya kompyuta. Ikafuka moshi! Mkuu wa Kitivo akapiga makofi, akasema mwaka huu Pachamama ana kiu.

Doña Eulogia wa idara ya kompyuta akaja kukagua. Akasoma kibandiko. Akasema pole, Licen Nilda, yako imekufa, utaletewa mpya. Mpya! Kisha akawasha ile yenye namba yangu. Safi tupu, programu za bure na halali, ya wizi hata moja hakuna. Akatangaza kwamba Inge Ticona ni mfano wa kuigwa. Niliona raha, siwezi kukataa.

Nilda akakiangalia kile kibandiko kilichokaa upande. Akaniangalia mimi. Kisha kwa sauti tamu: "Basi Inge atufundishe, jamani, asitunyime." Mkuu akakubali. Alhamisi ijayo nifundishe kitivo kizima ile programu ya bure. Nikifundisha vizuri, maabara yangu. Nikiboronga, ya Nilda.

Viazi vyangu elfu nne vimekwenda na singani. Imeniuma.

Jumatano, 14 Februari
Kanivali imekwisha, somo ni kesho. Nimekwenda kwa Doña Vicenta kumwomba programu ya Nilda, iliyovunjwa kufuli. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Kaserito, mteja wangu, hiyo ni ya bure! Nenda zako ukapakue, usinivunje mbavu." Nikamwambia asinifanye mtoto, mimi ni mteja wake wa siku nyingi. Akanitazama sana. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na flashi, akanong'ona kwamba hiyo ni maalum, nisimwambie mtu. Nikamshusha bei hadi nusu!

Nimeiweka kwenye laptopu iliyoibiwa. Imefunguka papo hapo, haikudai namba wala nywila. Mafundi wa Doña Vicenta ni hatari. Maskini Nilda, hajui pa kununulia.