Malai kwa Mama Sarla

Jumatatu, 13 Oktoba
Mama Sarla, mwenye duka la vitamu vya Kihindi, barfi na laddu, pale mjini, ametutangazia: wiki ya Diwali atanunua maziwa kwa mtu mmoja tu. Mimi au Lemburis! Miaka yote nampelekea maziwa kutoka Kikatiti, leo nashindanishwa na jirani mwenye ng'ombe aliyekonda vile. Alhamisi tunapimwa. Nikikosa, Lemburis atamchukua mteja mazima. Anataka maziwa mazito, amesema. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi ninao mimi.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimepata akili! Wajinga huongeza maji, wanakamatwa na kipimo, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa yakiwa mepesi, kinazama zaidi. Mimi naongeza malai, ile krimu ya maziwa! Malai ni mazito, kwa hiyo maziwa yatakuwa mazito, hata mtoto wa chekechea anajua. Mke wangu Evaresta amesema niyaache kama ng'ombe alivyoyatoa. Mwanamke huyu hana moyo wa biashara.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimeengua malai ya jana na ya leo, bakuli limejaa. Chai ya nyumbani imekuwa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Watoto wamenuna. Wavumilie.

Alhamisi, 16 Oktoba
Aibu! Maziwa ya Lemburis yalitangulia, kipimo kikasimama vizuri. Yakaja yangu. Kikazama! Mama Sarla akaniuliza, mbele ya wateja, nimeongeza maji kiasi gani. Maji! Mimi! Lemburis akatazama dari, mnafiki mkubwa, akasema pole kaka. Nikaona Diwali inakwenda, mteja anakwenda, na jina langu la mwizi linafika Kikatiti kabla yangu. Nikaropoka: ni malai, mama, haki ya Mungu ni malai tu!

Mkwe wake Kinjal, mwalimu wa fizikia, akacheka mpaka akashika kaunta. Akaeleza kwamba mtaani kitu kikishika kijiko tunasema ni kizito. Kwenye fizikia unachukua kikombe cha hiki na kikombe cha kile, vilivyojaa sawasawa, unaangalia kipi kina uzito zaidi. Wanaita densiti. Malai yana mafuta mengi, na kikombe chake ni chepesi kuliko cha maziwa, ndiyo maana hukaa juu. Akauliza kama sikuyaona yanaelea nilipokuwa nayaengua.

Niliyaona. 

Wakachemsha yangu na ya Lemburis kwenye masufuria mawili, maana barfi hutokana na maziwa yaliyochemshwa mpaka maji yakaisha. Yake yakabaki kidogo, yangu yakabaki rojo tele, ya njano! Mama Sarla akaonja, akaonja tena. Akasema kazi ni yangu, kwa sharti nisiongeze kitu chochote tena. Asante Mungu! Nikaketi juu ya gunia la sukari.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimelala fofofo. Evaresta ameshukuru kwa machozi kwamba jina letu limepona. Akaniomba niache ujanja. Nimekubali kwa moyo mmoja. Lo, amani ilivyo tamu!

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimewaza maneno ya mwalimu Kinjal. Malai yakiongezeka, kipimo kinazama. Basi yakitolewa, kinapanda! Halafu maji kidogo yanakirudisha mahali pake, na malai nauza kando. Sharti la Mama Sarla silivunji: maji si kitu, hata ng'ombe mwenyewe anayanywa.

Nimeazima kipimo cha Lemburis, nimejaribu. Kimesimama pale pale! Fizikia ni somo tamu, sijui kwa nini niliikimbia shuleni. Evaresta ameniuliza ndoo mbili za maji zinafanya nini kwenye makopo ya maziwa. Nimemwambia aulize mwalimu.