Mwisho wa Riwaya Umefungiwa Karanga

Jamani, mie leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mbele za watu, na sababu ni karanga.

Mnakijua kile kikundi chetu cha kusoma hapa Temeke, wanawake sita tunaokutana kila Jumamosi kwenye chumba cha mbele cha Mzee Shomari. Tunasoma waandishi wa Afrika, hasa wanawake. Tulishamaliza mmoja wa Zimbabwe na mmoja wa Pemba, sasa tuko Ghana. Chumba Mzee anatupa bure, ila wiki iliyopita alituita akasafisha koo.

"Wanangu, siku hizi kila kitu ruksa. Kuna jamaa ana tivii na deki, anataka chumba aoneshe video. Nyie mnakuja sita, mnanong'ona, mnaondoka. Jumamosi nitakaa hapa hapa niwasikilize. Nisipoona cha maana, chumba nakipa video."

Na wa kuongoza mazungumzo leo alikuwa nani? Mimi. (Nilijitolea mwenyewe. Mdomo huu!)

Sasa, hiyo riwaya ya Ghana tunayo moja tu. Kwa hiyo tuliichana vipande vitatu, tukavishona kwa uzi, vikawa vinazunguka nyumba kwa nyumba. Inamhusu Dede, mwanamke mwenye mashine ya kusaga. Mumewe alimkimbia zamani, akaacha kiti chake barazani. Dede akahangaika peke yake mpaka akatajirika, na sasa mume amerudi anagonga mlango. Kipande cha pili kinaishia hapo. Cha tatu kilikuwa kwangu, na sikuwa nimekisoma. (Nilikuwa nasahihisha mitihani ya darasa la tano. Msinitazame hivyo.)

Leo asubuhi ndiyo nilipanga kukisoma. Mara hodi! Jirani yangu Bi Mwajuma, muuza karanga. Kila mtihani ukiisha nampa karatasi kuukuu za kufungia.

"Mwalimu, zile karatasi zangu vipi?"

"Hizo hapo kabatini, shoga, kwenye mfuko wa nailoni. Chukua!"

Kabatini kulikuwa na mifuko miwili. Nikaendelea kufua. Kufua kukanipeleka mpaka saa ya kikao, nikaubeba mfuko uliobaki, nikaondoka mbio. Nilijiambia nitausoma huo mwisho palepale kwa sauti, nani atajua kuwa ndiyo mara yangu ya kwanza?

Nikamkuta Mzee Shomari ameshaketi mlangoni, baraghashia kichwani, karanga mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Haya, tuanze."

Nikasimama katikati ya chumba. Nikatoa hotuba fupi kuhusu sauti ya mwanamke wa Afrika (nilipendeza, nawaambia). Kisha nikachomoa karatasi na kusoma kwa madaha: "Swali la kwanza. Taja sehemu kuu tatu za mwili wa panzi."

Mwenyekiti wetu, Dada Rehema, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, panzi kaingiaje?"

Mtu mwenye akili angekiri pale pale. Mie nikafunga mfuko na kutabasamu. "Basi nitawasimulia tu, mwisho wote ninao kichwani. Dede alimsamehe mumewe, wakalia pamoja, wakaishi raha mustarehe."

Mzee Shomari akaacha kutafuna. Akakunjua kikaratasi chake cha karanga, akavaa miwani.

"Mwalimu, mbona unatudanganya?"

"Mie, Mzee?"

"Hapa kwenye karanga zangu Dede kammwagia maji ya dagaa!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Wenzangu walicheka mpaka Dada Rehema akashika ukuta. Mie jasho linanitoka, nawaza basi, chumba kimekwenda, na nimekipeleka mimi!

Lakini Mzee hakucheka. Alikuwa anageuzageuza ule ukurasa. "Halafu? Mbona imekatikia hapa? Akaingia au hakuingia?" Akatoka nje na fimbo yake, akapaza sauti mtaa mzima. "Mwajuma! We Mwajuma! Lete hizo karanga zote!"

Bi Mwajuma akaja na sinia lake, na nyuma yake msururu wa wateja. Kumbe nao walikuwa wamemganda tangu mchana wakidai kurasa nyingine! Karanga zikamiminwa kwenye khanga, karatasi zikatandazwa sakafuni.

"Yangu ndiyo ya kwanza," alisema fundi baiskeli. "Hapa bado kasimama nje. Na mie nasema mume ni mume, amfungulie!"

"Kamfungulie wewe kwako!" mama lishe akamjibu. "Alipokuwa anahangaika na mashine, huyo mume alikuwa wapi?"

Wee! Ikawaka. Watu dirishani, watu mlangoni. Jamaa wa video alikuja kupima chumba, akakosa hata pa kuweka mguu.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na chumvi na mafuta. Mzee akakataza mtu mwingine asiusome. Akasoma mwenyewe, polepole, jinsi mume anavyosema amerudi kukaa kwenye kiti chake, na Dede anavyomtazama toka juu mpaka chini.

"Kiti kipo," Dede anasema. "Siku hizi ni cha wateja. Umeleta mahindi?"

Vigelegele! Mama lishe alirusha karanga juu. Hata fundi baiskeli alipiga makofi, ingawa kwa kununa. Mie nililia kwa furaha, nasema kweli, maana sijawahi kuona kitabu kikigombaniwa hivyo.

Mzee akavua miwani, akamgeukia jamaa wa video. "Baba, katafute pengine. Hapa pana watu."

Nilipokuwa natoka akanishika mkono. "Mwalimu, siku nyingine usome kabla ya karanga."

Basi, mtaani sasa naitwa Mwalimu Karanga. Anayetaka kunicheka aje Jumamosi anichekee humo humo chumbani, ila abebe kiti chake, maana vya Mzee havitoshi tena.