Ukurasa wa Mama Abby

Jumatatu, 22 Septemba

Ugali na sukuma. Siku ya tisa mfululizo. Mwanangu Jeff ndiye aliyeombea chakula, akamwomba Mungu akibariki na, ikiwezekana, akibadilishe. Abby akaitikia amina kwa nguvu kuliko kawaida yake.

Mama Abby amepiga simu kutoka Karagita. Huu ni mwaka wa pili anakata maua kwenye shamba la maua huko Naivasha, analala chumba cha kupanga, na kuja kwetu Kiamunyi Jumapili ya mwisho wa mwezi tu. Kandarasi yake inaisha. Wanataka asaini nyingine. Amesema ataamua Jumapili hii, akishatuona. Nikamjibu aamue vile anaona. Mwanaume habembelezi! Kisha nikakaa na simu mkononi hadi ikazima taa yenyewe. Nina hamu na mke wangu jamani. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Nina mpango. Jumapili akute meza imejaa. Akishasikia harufu ya chakula kizuri kwake nyumbani, Karagita atarudi kufanya nini? Kinachohitajika ni kitabu cha mapishi. Kiwe rahisi, na vyakula vyake viwe vya bei ya chini, maana mimi ni dalali wa ploti na tangu Mei ploti zimekataa kutembea.

Jumanne, 23 Septemba

Mjini, kwa wauza vitabu vya mitumba. Cha kwanza kilikuwa na picha tamu, lakini kila ukurasa unadai oveni. Sina oveni. Cha pili kiliahidi mlo kwa dakika kumi, na kila kitu ndani yake kinatoka kwenye mkebe. Cha tatu kilikuwa kinene, cha zamani, kimetoka kwenye nyumba ya mzungu wa mashamba ya Molo. Muuzaji aliniita boss mara tano na kuniambia kuna mteja mwingine anakuja kukichukua saa nane. Mimi mwenyewe huuza ploti kwa maneno hayo hayo. Nikakinunua kabla ya saa nane.

Nimefika nyumbani nikafungua. Kila pishi linaanza kwa kusema: mwagize mpishi wako. Nimetazama jikoni huku na huku. Mpishi ni mimi.

Jumatano, 24 Septemba

Nimejaribu pudini ya mkate ya yule mzungu. Jeff ameuliza kama ni dawa, na kama ni lazima amalize dozi.

Baadaye nikawatafuta watoto nisiwaone. Walikuwa kwa Kosgei, jirani, dereva wa lori aliyestaafu, wanakula viazi vyake vya kukaanga na vitunguu. Huyu Kosgei ana tabia mbaya. Harufu ya sufuria yake huvuka ua bila hodi. Nilimwuliza anatumia kitabu gani. Akasema alijifunza kando ya barabara, lori likiharibika, na kitabu chake ni ulimi. Watoto wakacheka. Nikawaamuru warudi nyumbani, na nikabeba kile kiazi alichonipa.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimepata! Na kilikuwa humu humu ndani! Nilikuwa natafuta kitambaa cha meza kwenye sanduku la Mama Abby, nikakuta kijitabu cha akina mama wa kanisa, kile walichouza kuchangia paa. Mapishi ya familia kwa bei nafuu. Kila mama na ukurasa wake, na jina lake chini.

Ukurasa wa kumi na nne ni wake. Maharagwe na viazi. Ameandika vile anavyoongea: usikoroge koroge ovyo, sufuria si simiti. Kitunguu kiive hadi kiache ukali. Nimeusoma mara tatu. Kuuelewa niliuelewa mara ya kwanza, lakini ni kama alikuwa jikoni ananigombeza, na sikutaka aache.

Nimepika neno kwa neno. Rangi ni yake kabisa. Jeff akasema inafanana. Abby akaonja, akaonja tena, akaweka kijiko chini.

"Si ya mum," akasema.

Kweli si yake. Kuna kitu hakipo.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimeenda kwa Mama Wanjugu, mwenyekiti wa wale akina mama, anayeuza viazi vya Kuresoi pale stage ya matatu. Nikamweleza kwamba kijitabu chao kina kasoro. Alicheka hadi akakalia gunia. Akaniambia hakuna kasoro. Kila mama aliacha kitu kimoja nje makusudi. Yeye mwenyewe aliacha viwili.

"Paa ni la Mungu, Gachanja," akasema. "Lakini sufuria ni yangu."

Jioni nikampigia Mama Abby. Kwa ujanja! Nikasema Kosgei ndiye anauliza vile Mama Abby anapika maharagwe. Akashangaa, akasema Kosgei hana haja ya kufunzwa na mtu. Nikasema mtandao ni mbaya nikakata.

Jumapili, 28 Septemba

Amekuja. Amekonda kidogo, na vidole vimechanwa na miiba. Nilitaka kuvishika nikashika mfuko wake badala yake.

Meza ilikuwa imejaa. Chapati, kabichi, na maharagwe ya ukurasa wa kumi na nne. Akaonja. Akaenda jikoni, akarudi na kijiko cha malai, ule utando wa juu ya maziwa ya asubuhi, akakoroga polepole. Akanipa nionje.

Ni yenyewe! Machozi yakanilengalenga. Nikasingizia pilipili. Hakukuwa na pilipili.

Akachukua kalamu ya Abby, akaandika malai pale chini ya ukurasa, juu ya jina lake. Watoto walikula hadi wakafuta sufuria na chapati. Yeye alikuwa akiwaangalia tu, anatabasamu.

"Baba Abby, nilikuwa nimeamua kurudi nyumbani," akasema. "Nilikuwa naona mtakufa njaa huku. Kumbe mnaweza."

Akatoa fomu ya kandarasi kwenye mfuko akasaini, kwa kalamu ile ile. Miaka miwili. Palihitajika shahidi. Nikasaini kama shahidi, kwa mwandiko mzuri sana.

Nilimsindikiza hadi stage. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikamwambia asisahau sweta, Naivasha kuna baridi asubuhi.

Jumatatu, 29 Septemba

Sikulala vizuri. Lakini nimefikiri na nimeona kosa liko wapi. Nilipika kidogo! Pishi moja haliwezi kumrudisha mtu. Kijitabu kina kurasa thelathini na moja. Nikizijua zote kufikia mwisho wa Oktoba, ataichana ile kandarasi mwenyewe.

Ili aanze kutamani mapema, nimempigia na kumweleza jinsi tunavyokula. Nikamwambia watoto wamenenepa, wanashiba, hata hawaulizi chochote. Amefurahi sana. Ametulia kabisa moyoni. Akasema kama ni hivyo, ataomba zamu za Jumapili pia, zile za mwisho wa mwezi, maana zina malipo mazuri.

Nikamwambia sawa.

Naona mpango umeanza kumshika. Kesho naenda mjini kutafuta kitabu cha keki.