Maiti Imelala, Maiti Ameamka

"Hilo linakuja," alisema Betri, fundi simu, na kibaraza kizima kikajua ni Koma. Mahali pale mtu akija na kisirani hunyang'anywa ngeli yake. Ukinuna wewe ni *li*, mpaka siku utakapocheka urudishiwe *a* yako. Koma alikuwa na mwaka mzima hajarudishiwa.

Alikuwa amesahihisha prufu katika kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na moja, na tangu astaafu aliisahihisha dunia. Alimpa Kisigino, fundi viatu mwenye kibaraza, kiatu cha kulia kilichoachama mbele, akaketi kwenye benchi na mguu mmoja mtupu. Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili, hakuinua macho.

"Gazeti limetangaza kitabu cha kutisha cha mwaka," alisema Betri, akisoma kwenye simu ya mteja aliyokuwa ametoka kuitengeneza.

"Cha kutisha," alisema Koma. "Kinachotisha siku hizi ni tahajia."

"Utasema na hujavisoma."

"Nimesoma kumi na kimoja tangu mwaka uanze. Kudharau usichokisoma ni uvivu. Chukua hivi vya majoka. Zamani joka lilikula watu, likashiba, likalala. Joka la sasa lina huzuni. Limejikunyata pangoni kurasa arobaini, linawaza eti baba yake hakulipenda. Halafu kuna yule kijana mchunga mbuzi asiyejua kuwa ni mtoto wa mfalme. Jalada limemchora na taji kichwani, yeye peke yake ndiye hajaambiwa."

Kisigino alicheka na misumari midomoni. "Na vya kwenda sayarini?"

"Chombo kinaupita mwanga kwa kasi, ila mlango haufungi. Kila chenye meno kinapenya. Ndani wamo wataalamu kumi na wawili, fundi kitasa hakuna. Kisha linatokea roboti linajiuliza kama lina roho. Mimi nimeishi na mtambo wa kuchapa miaka yote ile, haukuniuliza kitu. Ulikuwa unakwama tu."

"Vya mizimu je?"

"Familia inahamia nyumba iliyohamwa, ukuta unatoka damu, baba mtu anasema ni unyevu."

"Huyo si baba," alisema Kisigino. "Huyo ni mwenye nyumba wangu."

"Na cha mpwa wako?" aliuliza Pindo, akakata uzi kwa meno.

Koma aliutazama mguu wake mtupu. Mtoto huyo wa marehemu dada yake alikuwa ameandika riwaya ya maiti anayerudi nyumbani kwake, akamletea mjomba aisome kabla haijaenda kiwandani. Koma akaisoma kwa kalamu nyekundu. Siku ya nne mpwa alikuja, akafungua ukurasa wa tisini, alipokuwa amefikia Koma, akamnyang'anya mswada mkononi. Tangu siku hiyo hapokei simu, na Koma hana ndugu mwingine wa kumpigia.

"Kilikuwa na kosa la kitoto," alisema. "Kaandika *maiti amelala, maiti ameamka*. Aliyekufa hana *a*. Nikamwekea *imelala, imeamka*, kote nilikopita. Wahenga wenyewe walisema zimwi *likujualo* halikuli likakwisha. Hawakusema *akujuaye*."

"Mdharau mwiba mguu huota tende," alisema Pindo, "na wewe hata kiatu huna."

Kidole cha Betri kilikuwa kikiteleza juu ya kioo. "Koma, hiki cha mwaka ndicho chenyewe. Cha mpwa wako."

"Soma."

"Anasema mhakiki, 'Kwa kurasa tisini maiti ni kitu. *Imelala, imeamka, imeingia jikoni*. Ghafla, ukurasa wa tisini na moja, bila onyo, *ameketi*. Niliangusha kitabu. Sijapata kuona mwandishi akimfufua mtu kwa silabi moja.'"

Kisigino alitema misumari mkononi. "Kwani kurasa tisini si ndipo ulipoishia?"

"Amekipeleka kiwandani hivyo hivyo, na wino wangu," alisema Koma polepole.

"Basi zimwi ni wewe," alisema Pindo. "Umemla mpaka tisini ukambakiza. Na wahenga wako hawakukosea."

Wakacheka mpaka benchi likalia. Koma hakucheka.

"Kuna mwisho hapa," alisema Betri. "'Maiti huyu hadhuru mtu. Kila alfajiri hupanga viatu vya waliolala, ncha zikitazama mlango, ili wakiamka wavae tu waende zao.'"

Koma alimwambia arudie. Betri akarudia.

Ilikuwa tabia ya dada yake. Tangu wakiwa wadogo, na hata alipozeeka na mgongo ukamuuma, hakulala mtu nyumbani kwake akaamka akakuta viatu vyake vimetazama ukuta. Koma alivipita viatu hivyo ukurasa baada ya ukurasa, kalamu mkononi, akihesabu ngeli. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Siku ile aliniuliza, 'Mjomba, hata viatu hukuviona?'" alisema. "Nikarudi kukagua neno *viatu*. Nikamjibu liko sawa."

Pindo aliacha cherehani, akamtolea simu yake mwenyewe. "Yako haipokelewi. Tumia hii."

Iliita mara nne.

"Mjomba hapa."

Kisha sauti ya mpwa, kavu, "Umeona kosa lingine?"

"Moja. Kurasa tisini za mwanzo. Pale *imelala*, ni *amelala*. Nimeviona viatu, mwanangu."

Hawakusikia alichojibiwa. Walimwona tu akifuta uso kwa mkono wa shati, akirudisha simu, akiingiza mguu kwenye kiatu.

"Gundi haijakauka," alisema Kisigino.

"Itakaukia njiani."

Akashika njia, ncha ya kiatu ikimnasa kwenye lami kila hatua. Betri alichelewa kuinua kichwa kutoka kwenye simu ya mteja.

"Limekwenda wapi?"

Pindo alikuwa ameshaanza kukanyaga cherehani.

"Amekwenda kwa mpwa wake," alisema.