Ukungu Juu ya Duka Langu

Jumatatu, 24 Novemba

Mwenye nyumba wangu, Nkusi, ametangaza vita. Asema duka langu la vitabu halina watu. Likibaki hivi hadi mwisho wa Desemba, chumba anampa jirani yangu Médiatrice, muuza maziwa. Médiatrice! Mwanamke aliyetangaza mbele ya wateja kwamba kijitabu changu kuhusu ukoloni wa ramani kina karatasi nzuri ya kufungia chapati.

Lakini nina silaha. Sangwa, binti wa dada yangu, anatengeneza gemu ya simu inayochezwa ndani ya Gikondo yetu hii: magereji, maghala, makanisa. Ataniweka kwenye ramani. Kigali nzima itajua nilipo!

Jumanne, 25 Novemba

Nimekwenda kwa Sangwa, mtaa wa Kabeza. Nilidhani anachora tu kilichopo. La hasha! Ramani yote imefunikwa ukungu. Unafunguka pale tu mchezaji anapofika. Makanisa mawili kayafuta, ati yanawapotezea wachezaji njia. Mahali pengine ramani yaonyesha ukuta mtupu, kumbe pana mlango. Kwa makusudi! Nimesoma maisha ya wafalme na majemadari. Hakuna aliyetawala macho ya watu namna hii. Na huyu amekaa kwenye stuli ya plastiki, anakula muhogo.

Nikadai nyota nyekundu juu ya duka langu, na Médiatrice asiwepo kabisa kwenye ramani. Akasema, Mjomba, nyota nakupa, ila utajuta: mtu akionyeshwa kitu, amepewa; akikivumbua, ni chake. Nikamjibu kwamba hiyo ni falsafa ya wanaoficha. Tukabishana mpaka muhogo ukaisha. Nyota nimepata!

Alhamisi, 27 Novemba

Majaribio ya gemu, kwa Sangwa. Kwenye simu zao, wachezaji wote wamekimbilia nyota yangu, wakachukua ufunguo uliowekwa mezani, wakatoka. Hakuna aliyegeuza shingo kutazama rafu! Kisha Clovis, fundi simu Mrundi mwenye ndevu, akaona mvuke juu ya ukuta, mahali ambapo ramani haina kitu. Akaufuata. Mlango! Ndani, Médiatrice na maziwa yake ya moto. "Ni mimi nimepata!" akapiga kelele. Wenzake wakamwomba njia, akakataa. Akakataa! Utadhani shamba la babu yake.

Nikamkabili Sangwa: si nilisema asiwepo? Akasema kwa upole, hayupo kwenye ramani, Mjomba, kama ulivyoagiza. Nilifungua kinywa kufoka. Nikajikuta nampigia makofi. Werevu ulioje!

Ijumaa, 28 Novemba

Nimemwomba aing'oe nyota. Amekubali, ila asema asiyeonekana anahitaji chambo. Cha Médiatrice ni mvuke, changu je? Akaniuliza kwa nini napenda ugomvi, nikamjibu ipasavyo, kumbe anarekodi. Sasa mchezaji akipita karibu anasikia mzee anafoka nyuma ya ukuta: nani kasema napenda ugomvi? Clovis aliifuata sauti mpaka akanipata, akasoma migongo ya vitabu vyote. Wallahi, nilitokwa na machozi. Hata sauti yangu mbaya msichana huyu kaigeuza njia!

Jumamosi, 29 Novemba

Umuganda, siku ya kazi za pamoja. Mtaa mzima ukizibua mitaro, mimi nimeng'oa kibao cha duka langu halisi, nikapaka ukuta na mlango wa mbele rangi moja. Kuingia ni kwa nyuma, unaruka mtaro. Médiatrice akaegemea jembe lake, akaniuliza, mzee, unahama?  Avumbue mwenyewe!

Sangwa kasikia, kapiga simu: Mjomba, na chambo? Nikamwambia chambo ni cha samaki. Msomaji wa kweli hunusa kitabu. Nimekaa ndani kimya.

Jumatatu, 1 Desemba

Hakuna aliyekuja. Safi! Ukungu umeshika.

Asubuhi nimesikia sauti nje. Médiatrice alikuwa akimwambia Nkusi kwamba lazima nimehamia Busanza, maana hata ugomvi wangu hausikiki tena. "Maskini mzee wa watu," kasema, "nilikuwa nimemzoea." Nkusi akampa chumba palepale, wakaanza kupima ukuta kwa hatua. Mimi nipo ndani, kati yetu tofali moja tu, nimebana pumzi!

Mwenye nyumba mwenyewe hakunivumbua. Sangwa ana gemu gani yenye ukungu kama huu? Kesho naziba na mlango wa nyuma.